Spesa na Adapta za Rimu kwa Gari la Spoti Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari la spoti likitoka kiwandani, tairi zake huwa zimejificha ndani ya fenda. Chuchumaa nyuma ya Subaru Impreza au Toyota 86 ambayo haijaguswa, utaona nafasi ya vidole viwili kati ya ubavu wa tairi na ukingo wa fenda. Gari zuri, lakini limekaa kama kijana aliyevaa koti la babake: mabega yanampwaya. Nafasi hiyo ndiyo inayoleta maswali haya kila tunapokutana Jumapili asubuhi. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyesimama kando ya gari lake, na pale nilipowahi kuumia mwenyewe nimesema.

Spesa ni nini, na adapta ni nini?

Spesa ni sahani nene ya alumini inayokaa kati ya rimu na habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Kazi yake ni moja tu, kusukuma gurudumu nje. Ukiweka ya milimita 15, gurudumu linatoka milimita 15. Ukiweka kushoto na kulia, ekseli hiyo imepanuka milimita 30.

Adapta inasukuma pia, lakini juu ya hapo inabadilisha mpangilio wa nati. Impreza WRX za zamani zina mpangilio wa 5x100, yaani nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, ilhali rimu nyingi zinazotamanisha madukani ni 5x114.3. Adapta inafungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha yenyewe ina stadi nyingine za kushikia rimu. Stadi ni zile boliti zilizopandwa kwenye habu. BMW na Volkswagen kwa kawaida hazina stadi. Zinatumia boliti zinazopenya rimu na kuingia ndani ya habu yenyewe. Shika tofauti hiyo, itarudi.

Nitajuaje unene unaonifaa?

Usianzie dukani. Anzia kwenye uzi.

Egesha gari mahali tambarare, usukani umenyooka. Chukua uzi, funga nati nzito mwishoni uwe na timazi, kisha uning'inize kutoka ukingo wa fenda juu ya katikati ya gurudumu. Ngoja utulie. Chukua rula, pima kutoka kwenye uzi hadi mahali tairi lilipotokeza zaidi, halafu pima tena hadi ukingo wa rimu. Andika. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, kwa sababu fenda za pande mbili hazilingani, hasa gari likiwa liliwahi kugongwa na kunyooshwa. Kwenye Impreza yangu nyuma kushoto nilipata milimita 24 na nyuma kulia 19, na mimi niliyelinunua sikuwahi kuambiwa lilipigwa wapi. Unapata jibu lako kwenye nambari ndogo, si kwenye kubwa, na hata hiyo ndogo uipunguze milimita tano au zaidi, kwa ajili ya matuta na abiria wa nyuma.

Baada ya uzi, soma rimu. Nyuma ya spoku kuna alama kama 17x7 na ET48, ambazo ndizo za Toyota 86 kutoka kiwandani. ET inaeleza uso wa rimu unaogusana na habu uko milimita ngapi upande wa nje wa mstari wa katikati ya upana wake. ET kubwa maana yake gurudumu limeingia ndani, ndogo maana yake limetoka. Spesa hupunguza ET kwa unene wake: ET48 ukiweka spesa ya 15 inakuwa ET33.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila mtu aifanye kabla ya kutoa pesa. Chukua nusu ya upana wa rimu, toa ET, utapata umbali wa ukingo wa nje kutoka kwenye habu. Rimu ya inchi 7 ni milimita 177.8, nusu yake 88.9; toa 48 unabaki na 40.9. Ukiiwekea spesa ya 25 unafika 65.9. Sasa chukua rimu ya inchi 8 yenye ET35: nusu yake 101.6, toa 35, unapata 66.6. Zimefika mahali pamoja! Tena upande wa ndani, ambapo unajumlisha badala ya kutoa, ya kwanza bila spesa ina 136.9 na ya pili ina 136.6, kwa hiyo shokomzoba haitahisi chochote. Rimu moja iliyochaguliwa kwa akili imekupa mkao uleule, tairi pana zaidi, na hakuna kipande cha ziada kati yako na habu. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka spesa za 25 na kuendelea, swali langu la kwanza ni kama ameshatafuta rimu.

Rafiki yangu ameweka 20 mbele na 25 nyuma. Nimuige?

Pima kwanza. Tairi lake, springi zake na fenda zake si zako, hata kama magari ni ya modeli moja.

Je, gari litashika barabara vizuri zaidi?

Kidogo, na si kila mara. Ekseli ikipanuka, uzito unaohamia gurudumu la nje kwenye kona unapungua, na ekseli hiyo inapata mshiko zaidi. Wahandisi wanalijua hilo. Porsche wamewahi kuuza spesa za milimita 5 za kiwandani kwa 911, na Impreza WRC97, ile ambayo Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1997, ilipanuliwa mwili na njia ya magurudumu kuliko gari la barabarani. Lakini wale walipanua kila kitu kwa pamoja: mikono ya sasipenshani, springi, fenda. Sisi tunapanua kwa sahani moja.

Ukipanua mbele peke yake, gari lenye tabia ya kukataa kona (na Subaru nyingi zina tabia hiyo) linakubali kidogo. Ukipanua nyuma zaidi ya mbele, kama wengi wanavyofanya kwa ajili ya sura, unaliongezea ukaidi huo. Kisha kuna usukani. Gurudumu la mbele likitoka nje ya mstari ambao linazungukia, kila shimo na kila mfuo wa lami unapata mkono mrefu wa kuvuta usukani. Kwa milimita 5 hutahisi. Kwa 20 utahisi, hasa kwenye leni ya kushoto ya barabara inayopita malori mengi, pale lami ilipochimbika mifereji miwili: gari linataka kufuata mfereji, wewe unataka kwenda unakokwenda.

Mtu akiweka spesa kwa ajili ya mkao, ule vijana wanaouita stansi, aseme hivyo bila aibu. Sura ni sababu halali. Kuna sababu nyingine halali pia: breki kubwa. Kalipa za Brembo za WRX STI, vile vibano vya breki, hugusa spoku za baadhi ya rimu, na spesa ya 5 inaweza kuziokoa. Ila kama kalipa inagusa ngoma ya rimu, yaani ule mviringo wa ndani, spesa mara nyingi haisaidii. Hapo unahitaji rimu kubwa zaidi.

Kola ya katikati ina umuhimu gani? Fundi ananiambia nati zinatosha.

Fundi wako ana nusu ya ukweli. Gurudumu hubebwa na mkazo: nati zinabana nyuso mbili, na msuguano wa nyuso hizo ndio unaozuia rimu kuteleza. Lakini ni kola ya habu, ule mduara uliotokeza katikati, inayoiweka rimu katikati sawasawa kabla nati hazijabana. Spesa nzuri ina tundu linaloingia kwenye kola ya habu bila kucheza, na mbele ina kola yake mpya ya kupokea rimu.

Kwa hiyo kipimo cha tundu lazima kilingane na gari lako. Subaru ni 56.1, na Toyota 86 pia ni 56.1, maana lilitengenezwa pamoja na Subaru. Mark X ni 60.1. Honda nyingi ni 64.1, Nissan nyingi 66.1, Mazda RX-8 na Mitsubishi Evo 67.1, BMW E46 ni 72.6, Golf GTI kuanzia ya tano 57.1. Ukipewa spesa ya tundu la 73.1 na kuambiwa inaingia magari yote, umeambiwa ukweli, na ndiyo sababu ya kuikataa.

Mimi sikuikataa. Nilinunua nne za milimita 20, zile zenye stadi zake kama adapta, kwenye duka moja la vipuri mjini, tundu 73.1, na habu yangu ni 56.1. Kila upande kulikuwa na uwazi wa milimita 8.5. Zikafungwa kwa bunduki ya upepo, trrr trrr, dakika ishirini nimeondoka, nikipita mbele ya kila kioo cha duka nigeuze shingo nijitazame. Siku ya nne, Thika Road, nimepita Roysambu nikielekea Kahawa, nikaanza kusikia tok… tok… tok upande wa nyuma kulia. Nikipunguza mwendo, mlio nao unapungua. Nikiongeza, unakimbia nami. Nikadhani ni jiwe kwenye tairi. Niliposimama na kutoa rimu, nati mbili za ndani, zile zinazofunga spesa kwenye habu, zilizungushika kwa vidole, na stadi moja ilikuwa imekatika. Uso wa spesa ulikuwa na unga mweusi, ule wa alumini inayosagana na chuma. Tundu moja la stadi lililokuwa duara limekuwa kama yai.

Nilikipeleka kile kipande kwa mzee mmoja mkereza vyuma Kariobangi Light Industries. Hakuniuliza hata gari gani. Alikigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akakigeuza kwenye mwanga na kunionyesha vitundu vidogo vya hewa pale kilipopasuka, kama vya mandazi.

"Kijana wangu, hii ni alumini ya sufuria. Imeyeyushwa na kumwagwa tu."

"Kwa hiyo, mzee, kosa ni chuma?"

"Chuma ni kosa la aliyeuza. Kutopima ni lako."

Basi nitambueje spesa nzuri?

Nzuri hukatwa kwenye alumini iliyofinyangwa kwa shinikizo, daraja la 6061-T6 au 7075-T6, na mtengenezaji huandika daraja hilo, unene, mpangilio wa nati na kipimo cha tundu kwenye kipande chenyewe. Kampuni za Ujerumani kama Eibach na H&R zinauza spesa zikiwa na hati za gari husika, kwa kuwa kule mabadiliko kama haya hukaguliwa. Kipande kisicho na maandishi yoyote, kirudishe.

Pitisha kidole nyuma ya tundu la katikati. Lazima kuwe na mshazari mdogo pale ukingoni, kwa sababu chini ya kola ya habu pana mviringo kidogo, na spesa yenye ukingo mkali haiwezi kulala. Inasimama juu ya mviringo huo, fundi anakaza, unadhani imebana, kumbe siku mbili baadaye imekaa sawa na nati zimebaki na ulegevu.

Rangi nzito kwenye nyuso zinazogusana nayo ni tatizo. Rangi ikisinyaa chini ya mkazo, mkazo unapungua.

Naweza kukerezewa spesa Kariobangi au Kirinyaga Road?

Mkono wa mkereza mzuri wa Nairobi naupa heshima yote. Nimeona kazi zao zinazolingana na kipimo mia kwa mia. Swali ni malighafi na hesabu. Ukimpelekea kipande cha alumini chenye daraja linalojulikana, vipimo vilivyoandikwa hadi sehemu ya kumi ya milimita, na habu yenyewe au rimu ya kujaribia, anaweza kukukatia pete nyembamba ya katikati itakayojaza uwazi kati ya rimu na habu. Hizo namkerezesha bila wasiwasi, maana hazibebi mzigo, zinaweka katikati tu. Spesa nene yenye stadi zake, hapana. Stadi zinahitaji kusukumwa kwa presi kwenye matundu ya kipimo kamili, na kosa la nywele moja halionekani kwa macho.

Nati inapaswa kuzunguka mara ngapi?

Kanuni ya kazi ni kwamba meno yaliyoshikana yawe na urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Subaru na Nissan nyingi hutumia M12x1.25, yaani kipenyo cha milimita 12 na milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, kwa hiyo unataka milimita 12 za meno, takriban mizunguko 10 kamili. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ni M12x1.5, mizunguko 8. Boliti za Golf ni M14x1.5, mizunguko 10. Hesabu kwa mkono, kwa sauti, tangu jino la kwanza linaposhika hadi nati inapogusa rimu. Ukipata sita, toa, usiendeshe.

Ndiyo maana spesa ya 3 au 5 hupita bila kubadilisha stadi kwenye magari mengine na kwenye mengine haipiti. Kati ya milimita 6 na 10 ndipo penye mateso: ni nene kiasi cha kumeza kola ya habu, na nyembamba mno kuwa na kola yake ya maana. Mtu akiniuliza, namwambia abaki 5 au aruke hadi 12 au 15 yenye kola, na stadi ndefu.

Kwa BMW na Golf ni rahisi zaidi kuhesabu: boliti mpya iwe ndefu kuliko ya zamani kwa unene uleule wa spesa. Spesa ya 15, boliti imeongezeka 15. Isipungue, na isizidi pia, maana boliti ndefu mno inaweza kugusa vitu vilivyo nyuma ya habu. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki na usikilize.

Neno moja kuhusu stadi kuukuu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo WRX za mwanzo wa miaka ya 2000 tunazopendana nazo ni hizi hizi, zinazozunguka mikononi mwetu tangu ziingie. Stadi zake zimekazwa na bunduki za upepo kwa karibu miaka ishirini. Ukiamua kuweka spesa, badilisha stadi kwa wakati huohuo. Na zisukumwe kwa presi, si nyundo, kwa sababu kila pigo la nyundo kwenye habu linapokewa na beringi.

Vipi kuhusu umbo la nati?

Rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye kichwa cha koni ya digrii 60. Honda za kiwandani hutaka ya mviringo kama mpira, Volkswagen vilevile, na rimu nyingi za Toyota za kiwandani hutaka ile yenye washa bapa. Koni kwenye kikalio cha mpira inagusa mstari mwembamba tu, na italegea. Ukibadilisha rimu, badilisha nati.

Nataka adapta ya 5x100 kwenda 5x114.3. Kuna hatari?

Ikiwa nene vya kutosha na imetengenezwa vizuri, inatumika. Stadi za habu na stadi mpya hupishana, kila mpya inakaa katikati ya mbili za zamani, kwa hiyo kuna mahali pa kuzama nati za ndani. Chini ya milimita 20 nafasi hiyo inakuwa finyu na chuma kinachobaki ni chembamba. Angalia pia kama stadi za habu zinatokeza nje ya uso wa adapta. Zikitokeza, rimu yako lazima iwe na mashimo nyuma ya kupokea vichwa vyake. Kama haina, gurudumu litakaa juu ya ncha za stadi, na hutaliona hilo ukiwa nje. WRX STI kuanzia modeli ya 2005 tayari ni 5x114.3, kwa hiyo hakikisha gari lako linahitaji adapta kweli.

Kisha kuna hili ninalolisikia mara nyingi mno: rimu za 5x112 za gari la Ujerumani kupachikwa kwenye habu ya 5x114.3, eti tofauti ni ndogo, fundi "anachonga kidogo". Tofauti kwenye nusu kipenyo ni milimita 1.15. Inatosha kuipinda kila stadi kila gurudumu linapozunguka, mara mamia kwa kila kilomita. Nakuomba usifanye hivyo, wala usimruhusu mdogo wako afanye hivyo.

Zinafungwaje?

Jeki, kisha stendi chini ya gari. Toa rimu. Chukua brashi ya waya na usugue uso wa habu hadi chuma king'ae. Magari yaliyoishi Mombasa kabla ya kuja huku huwa na kutu nyingi hapo. Sukuma spesa kwa mikono miwili. Lazima iingie na kulala bila kupigwa, na ukiweka rula pembeni usione mwanga. Anza nati zote kwa vidole. Kaza kwa mpangilio wa nyota, nusu kwanza, kisha kamili kwa spana yenye kipimo cha mkazo. Toyota nyingi huandikiwa Nm (niutoni-mita) 103, BMW E46 na Golf Nm 120. Lako soma kwenye kitabu cha gari. Meno yawe makavu, maana grisi hubadilisha mkazo halisi hata kama spana inasoma sawa. Bunduki ya upepo iruhusu kufungulia tu.

Baada ya kilomita 80 hadi 100, rudi ukaze tena. Na kama spesa zako ni zile zenye stadi zake, nati za ndani hazionekani. Kuzikaza ni kutoa rimu. Watu wengi hukaza za nje, wanaridhika, na zile zinazolegea ni za ndani. Zangu zilikuwa za ndani.

Nahitaji kufanya alaimenti?

Kwa ajili ya spesa peke yake, la, pembe za magurudumu hazibadiliki. Usukani ukianza kutetemeka kwenye kilomita 80 au 90 kwa saa baada ya kuweka spesa, usikimbilie balansi. Toa gurudumu uangalie kama limekaa katikati.

Nikipata pancha?

Mweleze fundi wa pancha kabla hajagusa chochote. Akitoa rimu akakuta duara la pili la nati, huenda akazifungua nazo, kisha akazirudisha kwa bunduki. Mwambie, "Fundi, hizo za ndani ziache, na rimu uikaze kwa mkono, nitamalizia mwenyewe." Tembea na spana yako ya kipimo buti.

Tairi la spea ni suala jingine. Kwenye adapta haliingii kabisa, kwa kuwa spea bado ni 5x100, na itabidi utoe adapta nzima barabarani. Lijaribu nyumbani mchana, usilijaribu kwa mara ya kwanza Southern Bypass usiku.

Beringi zitaisha haraka?

Zitachoka mapema kuliko ambavyo zingechoka, ndiyo. Mzigo uliokuwa karibu na beringi umesogea nje, na kila shimo sasa linapiga kwa mkono mrefu zaidi. Kwa spesa ya 5 sijawahi kuona tofauti. Kwa 20 na 25, kwenye barabara za mitaa yetu, sikiliza mvumo kama wa ndege ya mbali unaobadilika unapogeuza usukani kushoto na kulia.

Gari langu limeshushwa. Spesa bado inafaa?

Pima upya ukiwa na mzigo. Weka watu wawili wazito nyuma, au mifuko miwili ya saruji, rudia kazi ya uzi. Gari likishuka, juu ya tairi huingia ndani ya fenda, na ule mdomo wa chuma uliokunjwa ndani ya fenda unageuka kisu. Nimeona ubavu wa tairi uliokatwa mduara mzima na mdomo huo, kwenye tuta moja tu. Mdomo unaweza kukunjwa, lakini rangi ipashwe joto kwanza. Ikikunjwa baridi inapasuka, na mvua za Aprili zikiingia hapo, kutu huanza kula fenda kutoka ndani.

Mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote, tena gari likiwa limepanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja. Kwenye maegesho tambarare kila gari linapita.

Na tairi lisitokeze nje ya fenda. Mbali na sura, hurusha mawe na tope kwenye milango yako na kwenye kioo cha aliye nyuma yako.

Polisi, ukaguzi na bima?

Sheria ya Trafiki inataka gari na sehemu zake ziwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani, na askari anaweza kukusimamisha kwa msingi huo. Tairi lililotokeza nje ya fenda ni mwaliko. Bima ndiyo ningeizingatia zaidi. Mwandikie wakala wako barua pepe, eleza ulichoweka na unene wake, weka jibu lake. Watu hulipuuza hili hadi siku ya ajali, na siku hiyo mkadiriaji akitoa gurudumu, spesa ndicho kitu cha kwanza kumgonga macho.

Ninunue spesa za mtumba?

Zile zisizo na stadi, za kampuni inayojulikana, kama zimelala bapa juu ya kioo bila kucheza, naweza. Zenye stadi, sinunui. Huwezi kujua zilikazwa na nani.

Naweza kuweka spesa mbili, moja juu ya nyingine, nifikie unene ninaotaka?

Hapana.